Mstari wa Tatu wa Fishi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na viatu vya kuazima. Ulikuwa mwaka wa uhuru. Hospitali yenyewe sitaitaja jina. Watu wa Uvira wa rika langu wataijua, na wengine hawana haja nayo. Daktari Mkuu, Mzungu mrefu asiyeishiwa haraka, alitupanga ukutani sisi wanafunzi wa uuguzi, akainua kipande cha karatasi ngumu. Hiyo ndiyo iliyoitwa fishi, kadi ya mgonjwa inayotundikwa miguuni mwa kitanda. Mstari wa kwanza ni jina. Wa pili ni umri na kijiji. Wa tatu ni jibu la swali moja tu: Unasikia nini?

"Mugonjwa iko na maneno mingi," alituambia kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Weye chukua moja tu. Andika kwa Kifaransa. Kisha kwenda kitanda ingine."

Nilipenda utaratibu huo, siwezi kudanganya. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Nyamianda mwenye Kifaransa kizuri kuliko wenzangu, na kiburi kikubwa kuliko Kifaransa chenyewe. Nilikuwa namaliza wodi nzima kabla mwenzangu hajamaliza salamu.

Tulikuwa pia na Muniteri, yaani mwalimu wetu wa kazi, Mkongomani mwenzetu, mnene na mpole. Alikuwa na tabia ya kuketi juu ya kitanda cha mgonjwa, jambo lililokatazwa. Daktari Mkuu akimkaripia mbele yetu, Muniteri husimama, husema, "Ndiyo, Daktari," na Daktari akishatoka huketi tena palepale. Tulimpa jina la Bwana Godoro. Ujana ni moshi, na sisi tulifuka kwelikweli.

Nilianzia chumba cha vidonda, nikaosha miguu iliyooza mpaka nikazoea harufu yake kama ya jikoni kwetu. Kisha nikapelekwa kwenye zahanati ya Runingu, kule uwanda wa Ruzizi, kwa wakulima wanaosema Kirundi. Huko niligundua kwamba Kirundi na Kiswahili chetu ni ndugu katika jambo moja: kitenzi ni kimoja. Mtu anasikia sauti, anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia uchungu. Kifaransa ndicho kinachotenganisha. Kina *entendre*, kusikia kwa masikio, na *sentir*, kusikia kwa mwili. Kwenye fishi ilikubidi uchague. Mimi nilichagua upesi, na kwa miaka ile yote hakuna aliyenirudishia kadi.

Uasi ulipotufikia, miaka minne baada ya uhuru, nilikuwa nimerudishwa Uvira, wodi ya wanawake. Wakunga walikuwa wamepanda milimani au wamevuka ziwa. Mji ulikuwa kimya kwa namna ambayo sijaiona tena. Mchana kweupe ungesikia maji ya ziwa kutoka mahali ambapo siku zote husikii hata jirani yako. Mbuzi na kuku walikuwa wameliwa na watu wenye bunduki, kwa hiyo hata sauti zao hazikuwepo.

Asubuhi moja aliletwa mama kutoka Runingu kwa kipoyi, machela ya miti inayobebwa mabegani. Jina lake Anjelina. Wabebaji walisema amejifungua njiani wakati wa kukimbia, mtoto akatoka mfu, wakamzika kando ya njia chini ya migomba. Mumewe alikuwa amepotea katika mbio zilezile. Wakamlaza, wakaondoka bila kuomba hata maji.

"Unasikia nini, mama?" nikamwuliza, kalamu tayari.

"Niko nasikia mutoto," akasema. "Iko analia."

Nilitazama mikono yake mitupu. Nilimhurumia, lakini nilimhurumia kwa mbali, nikiwa nimesimama. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Elle entend un enfant pleurer*. Anasikia, kwa masikio, mtoto akilia. Sikumgusa. Nilikuwa nimetoka kwenye uwanda wa watu wake miezi michache tu kabla ya hapo, nilikijua kitenzi chao, na sikumgusa.

Daktari Mkuu siku hiyo alisaini kadi akiwa amesimama mlangoni, gari lake likinguruma nje na masanduku ndani yake. Aliusoma mstari wa tatu, basi.

"Kichwa imeharibika sababu ya kilio," akasema. "Piga shindano ya usingizi. Muweke mu chumba ya mwisho." Akapanda gari. Hatukumwona tena.

Ilipofika saa sita mchana niliingia chumba cha mwisho na sindano ya usingizi. Jua lilikuwa limelala juu ya sakafu. Nilipoinama kuufunga mkono wake mpira, nikasikia kitu. Kilikuwa chembamba, cha karibu, kama kitoto cha mbuzi kilichopotezana na mama yake nyuma ya mlango uliofungwa. Kilinyamaza, kikaanza tena.

Anjelina alikuwa akinitazama usoni. "Na weye umemusikia," akasema.

"Ni mbuzi, mama."

"Mbuzi iko wapi?"

Nikamdunga. Alifumba macho polepole, na ile sauti ikafifia pamoja na macho yake, mpaka chumba kikawa kimya. Nikarudi zangu na trei. Katikati ya ukumbi nikasimama. Nilikuwa nimekumbuka kwamba hapakuwa na mbuzi hata mmoja mtaa mzima. Na palepale, mzee mmoja aliyevunjika paja akaniita kutoka wodi ya wanaume: "Weye munganga, yule mutoto mumemunyamazisha na nini?"

Nilikimbia kumtafuta Muniteri. Nilimkuta anachemsha vyombo peke yake. Akaisoma fishi mara mbili.

"Kwa nini uliandika *entendre*?"

"Alisema anasikia mtoto analia, Muniteri."

"Ulimuuliza wapi?"

"Wapi nini?"

Alikwenda chumba cha mwisho akaketi kitandani, na safari hii sikucheka. Akampangusa Anjelina uso kwa maji mpaka macho yakafunguka kidogo. "Mama," akasema, "huyo mutoto, unamusikia wapi?"

Anjelina, nusu usingizini, akaushika mkono wa Muniteri, akauingiza chini ya blanketi na kuuweka juu ya tumbo lake. "Hapa," akasema.

Walikuwa mapacha. Nyumbani kwao, kama alivyotueleza baadaye, mapacha hawahesabiwi kabla hawajatoka wote wawili. Kutaja aliyebaki ni kumwita kifo aje kumchukua. Ndiyo sababu hakusema kwamba yuko mwingine. Alisema lile aliloweza kusema, na lilikuwa limetosha kwa mtu yeyote ambaye angeweka mkono.

Tulifanya kazi mpaka alasiri. Dawa ilikuwa imemlegeza, hakuwa na nguvu ya kusukuma. Mtoto alitanguliza miguu. Alikuwa wa kiume, mzima kwa umbo, mwenye nywele nyingi, na hakupumua. Muniteri alimpulizia mdomoni, akamchovya maji ya moto na ya baridi kwa zamu, akampulizia tena, muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana. Mimi nilishika beseni. Maji yakamwagika kwenye viatu vyangu.

Anjelina alimtazama mtoto. Alisema, kama mtu anayetoa taarifa, "Alikuwa analia tangu asubuhi. Alinyamaza pale muliponipiga shindano."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na nimewauliza wataalamu. Wapo wanaosema mtoto anaweza kulia tumboni ikiwa hewa imeingia, wapo wanaocheka. Sibishani nao. Mimi nilisikia, na mzee mwenye paja lililovunjika alisikia.

Ilibaki kuzika. Pacha wa pili kwao anaitwa Butoyi, na Anjelina alisema lazima mwanamume asimame kama baba, ampe jina na kumweka ardhini. Bila hivyo hatatulia. Muniteri akanigeukia. "Minye niko na watoto sita," akasema. "Huyu ni wako."

Basi nikachimba nyuma ya hospitali, nikamtaja jina lake, nikamlaza. Nilipoanza kurudisha udongo, Muniteri alinishika mkono wenye koleo. Tulisimama tukisikiliza. Maji ya ziwa tu, nadhani. Kisha akauachia mkono, nami nikaendelea.

Baada ya uasi nilifanya kazi vituo vingi ukanda ule wa ziwa, na mwishowe nikawa muniteri mwenyewe. Kila mwaka mtihani wangu ulikuwa mmoja. Nilivua viatu, nikalala kitandani, nikamwita mwanafunzi mmojammoja. Wakiniuliza ninasikia nini, nilijibu, "Nasikia mutoto analia." Waliokimbilia kalamu niliwaangusha, wakarudia mwaka mzima. Waliouliza wapi niliwapitisha, hata kama Kifaransa chao kilichechemea. Wakubwa wangu walilalamika kwamba hilo halimo katika mtaala. Niliwajibu, "Ndiyo, Daktari," nikalala tena.

Anjelina alipona, akarudi Runingu. Siku za soko alikuja mjini na mihogo yake, akapitia kwangu, mtaa wa Kasenga. Alisimama nje ya ua akiita, "Hodi kwa Baba Butoyi." Hakuwahi kuniita jina jingine. Majirani waliokota jina hilo, wakaamini nina mtoto mkubwa huko ng'ambo; mke wangu, nilipomwoa, ilibidi nimweleze kabla hajaanza kununa. Anjelina hakunilaumu hata siku moja. Aliniuliza swali lilelile kila mara: "Bado unamusikia?" Nami nilimjibu, "Namusikia." Ndipo alipojitwika mihogo yake na kwenda. Tulizeeka hivyo, kila mmoja upande wake wa ua.

Halafu likapita soko moja bila yeye, na la pili. Watu wa Runingu wakaniletea habari kwamba amelala usingizi wa mwisho. Tangu juma hilo, ikifika saa sita mchana na mtaa ukitulia, kile kitu chembamba cha chumba cha mwisho huanza. Mke wangu anasema ni paka wa jirani. Jirani hana paka.

Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha afya. Sikuumwa mahali, nilikuwa sili wala silali. Muuguzi alikuwa binti mdogo, kalamu sikioni, ambaye sikumfundisha mimi, labda alifundishwa na niliowafundisha. Akaandika jina, akaandika umri na mtaa.

"Baba Butoyi, munasikia nini?"

Sikuwa namtahini. Nilikuwa nimechoka tu. "Nasikia mutoto analia," nikasema.

Alichukua kalamu, akaishika, kisha akaiweka mezani. Akavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Wapi, baba?"

Maisha yangu yote ya ualimu nilikuwa nimelingoja swali hilo kutoka kwa wengine. Nikauchukua mkono wake nikauweka kifuani pangu. Hakuuondoa. Aliinamisha kichwa, sikio karibu na mkono wake, na nje mtaa ulikuwa umetulia, kwa kuwa ilikuwa imekaribia saa sita. Niliona uso wake ukibadilika.

"Na minye namusikia," akasema polepole.

Akaivuta fishi, akaandika mstari wa tatu. Sikumwuliza ametumia kitenzi kipi.