Matroni na Kibao Kisicho Chake

Dada yangu mkubwa, ambaye hata sisi wadogo zake humwita Matroni, alilea bweni la wasichana karibu maisha yake yote ya kazi. Kila usiku alipita kitanda kwa kitanda kuhakikisha kila mtoto yupo, na alipokuja nyumbani likizo aliendelea na ukaguzi huohuo kwetu, hata kwa wajomba waliokuja kutembea. Alipostaafu alitutangazia kwamba atapanda meli ndogo inayopeleka watalii kwenye visiwa visivyokaliwa na watu, tena peke yake.

"Nataka siku moja tu nisiulizwe na mtu, wala nisimuulize mtu," alisema. Tulicheka. Sina hakika kama kuna aliyemsikiliza.

Siku ya kwanza ilimwendea hivi, kama alivyonisimulia mwenyewe, huku akifoka.

Mlangoni mwa meli mhudumu alichungulia nyuma yake. "Na mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?"

"Mume wako, mama."

"Alishatangulia mbele za haki. Ulikuwa unamtaka wa nini?"

Mhudumu alisikitika kupita kiasi, hata ikabidi mjane mwenyewe ambembeleze. Chumbani, ambako alikuwa amelipishwa nyongeza kwa kosa la kulala peke yake, alikuta taulo mbili zilizokunjwa mfano wa bata wanaobusiana. Akaikunjua moja, akajifutia uso. Wakati wa chakula akahamishwa kutoka meza ya dirishani, "usije ukajisikia mpweke," akaketishwa na msafiri mwingine wa peke yake: mzee mwenye kofia ya bluu na darubini kifuani.

"Samahani, mama, hujaiona miwani yangu?" mzee akauliza.

Ilikuwa juu ya kofia yake.

"Hapo nikajua nimeletewa mtoto wa bweni," aliniambia. Moyoni akambatiza Mzee Darubini.

Kisha simu. Mdogo wetu alitaka kujua ufunguo wa stoo uko wapi. Shemeji alitaka kujua amekula nini. Mimi nilitaka kujua kama bahari imechafuka. Hadi leo najiuliza kama tulikuwa tunamjali au tunamwita kazini. Akaizima.

Tumaini lake lililobaki lilikuwa kisiwa. Kabla ya kushuka, kiongozi wa msafara, mwanamke mkavu wa maneno, aliwakusanya mbele ya ubao uliokuwa karibu na ngazi. Kila abiria alikuwa na kibao chake hapo, upande mmoja mweupe, wa pili mwekundu.

"Ukishuka, weka chekundu. Ukirudi, weka cheupe. Chako tu! Cha mwenzako usikiguse, hata awe mkeo."

Ufukweni Matroni alikimbilia jiwe alilolichagua tangu kwenye boti ya mpira iliyowapeleka, penye ndege wengi na pasipo mtu. Hajakaa vizuri, Mzee Darubini huyo.

"Mama, nishikie koti. Yule ni dume au jike?"

"Muulize mwenyewe!"

Alikuwa bado ameshikilia koti lile, mwenye koti kashapotea machoni, boti ya kwanza ilipoanza kurudi. Akalitupa jiweni, akaondoka nayo. Akipanda ngazi za meli aliona kofia ya bluu ikipotelea mbele yake. Akageuza kibao chake. Pembeni, cha Mzee Darubini kilikuwa bado chekundu.

"Kasahau, kama kawaida yake," alijisemea, na mkono ukatoka wenyewe, ukakigeuza.

Akajifungia chumbani na chai. Boti zikapandishwa, injini ikaunguruma, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyemhitaji. Ndipo kofia ya bluu ilipopita nje ya dirisha, kichwani mwa mwanamke.

"Ningeweza kujiambia yuko chooni," alinieleza. "Ndivyo wanavyosema wasichana wanaomfichia mwenzao."

Akaiacha chai, akapanda juu mbio.

"Kuna mtu amebaki kisiwani."

"Ubao wote ni mweupe, mama," akajibu kiongozi.

"Mimi ndiye niliyegeuza kibao chake."

Abiria wote wakageuka kumtazama.

"Si nilisema msiguse?"

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu nimezoea kuhakikisha kila mtu yuko kitandani!"

Boti ikashushwa upya, naye akapanda bila kuitwa. Walimkuta Mzee Darubini ameketi juu ya jiwe lake Matroni, viatu amevua, ndege wakizunguka miguuni kwake bila woga.

"Mbona mmewahi hivyo?" akauliza. "Ndiyo kwanza kumetulia."

Njiani, alipoambiwa kilichotokea, akamwinamia Matroni sikioni. "Kesho unigeuzie tena, mama."

Matroni hakucheka. Kiongozi naye akatoa hukumu: kuanzia kesho wawili hao watashuka pamoja na kurudi pamoja, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Jioni akawasha simu, akanipigia. "Nimekuja mwisho wa dunia kutafuta nafasi ya kuwa peke yangu, halafu nikamzawadia mtu asiyejua hata miwani yake iko wapi!"

Nikamuuliza kama kesho atashuka.

"Nitashuka. Nimeshamwambia, jiwe ni langu kwanza. Yeye akasimame kule mbali na asinisemeshe."

"Amekubali?"

"Amekubali. Ngoja kidogo." Sauti ikasogea mbali na simu. "Wewe mzee! Koti lako liko wapi? Usiniambie umeliacha kulekule!"