Jiko Lililohamishwa Bure

Kitione Raravula alikuwa na kibanda chake nyuma ya duka la mikate, pale Levuka, mji mdogo wa kisiwani, na kila kompyuta iliyotoka mikononi mwake ilinukia mkate. Alikuwa fundi mtulivu, hana makuu. Kitu kimoja tu kiliweza kumwinua kitini kabla kazi haijaisha, nacho ni raga. Timu ya kisiwa ikiwa uwanjani, hata redio ya mchungaji angeiacha matumbo nje.

Basi Jumamosi moja ya namna hiyo ndipo Nemani alipokuja, kaipakata kompyuta ya mkewe kama mtoto mwenye homa. Hawa wawili ni watani, maana watu wa kwao huyu na watu wa kwao yule wanataniana tangu enzi za mababu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Mtani, kumbe bado uko hai?" Nemani akasema mlangoni. "Nilikuja kuchukua vifaa vyako nikauze."

"Nikifa mimi nani atakutengenezea? Ninyi kwenu hata tochi mnaitilia mafuta ya taa."

Wakacheka, kisha Nemani akaiweka mezani na uso wake ukabadilika.

Mkewe, Vasiti, ni kiziwi wa kuzaliwa, na binti yao wa pekee, Litiana, vivyo hivyo. Litiana yuko Auckland kwa mumewe. Kila Jumapili baada ya kanisa mama na binti walikaa mbele ya kompyuta ile kuukuu wakazungumza kwa mikono mpaka chakula kipoe. Simu haikuwafaa. Simu inataka mkono mmoja wa kuishika, na kwa Vasiti mkono ndio ulimi. Tena macho yake yamechoka kwa kusuka mikeka, vidole vya mwanawe kwenye kijisimu anaviona kama mende wanaopigana. Na sasa Litiana alikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa, na alikuwa na mengi ya kumuuliza mamaye.

Kitione akaiwasha. Kioo kikajaa mistari ya kijani na ya waridi, imesimama wima kama mvua, kisha kikawa cheupe. Akaunganisha kioo kingine cha pembeni. Mvua ile ile. Basi kosa si la kioo, wala si la waya wake. Akabadilisha kipande cha kumbukumbu, hakuna kilichobadilika. Akaifungua, akatoa kwenye feni vumbi lililokaa kama sufi, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya chipu inayochora picha. Mistari ikacheza. Hapo akajua. Chini ya chipu ile kuna vitone vya risasi ya kulehemu, vidogo kuliko mbegu za mchicha, ndivyo vinavyoishikilia, na joto la miaka mingi lilikuwa limevipasua.

Njia zilikuwa mbili, na Kitione alizijua zote. Ya kwanza ni kuipuliza chipu kwa hewa ya moto. Vitone vinashikana tena, picha inarudi, na baada ya muda vinaachana, kama ndugu waliopatanishwa kwa nguvu. Ya pili ndiyo ya kweli. Kompyuta ile ilikuwa na mchoraji mwingine, mdogo, amejificha ndani ya chipu kuu, mara nyingi anakaa tu. Ukikitoa kile kipande kinachompelekea umeme yule mkubwa mgonjwa, ukaifundisha kompyuta imsahau, mdogo anabeba kazi yote. Lakini hiyo ni kazi ya kushinda umeinamia lenzi, na mkono ukitetemeka umeua kila kitu.

Na mechi ilikuwa inakaribia kuanza.

Akapuliza. Picha ikarudi, safi kabisa. Akajiambia itasukuma siku mpaka mtoto azaliwe, halafu ataifanya ile ya kweli. Lakini hakumwambia Nemani hivyo. Alimwambia imepona. Na alipomwona anavyofurahi, akaogopa, akaongeza lile neno ambalo mafundi hulisema ili kesho wasilaumiwe.

"Ila muilinde na moshi, mtani. Moshi wa jikoni unaziua sana hizi."

Akafunga kibanda, akakimbilia uwanjani. Timu ilishinda, na yeye alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Siku chache baadaye Vasiti alikuja mwenyewe, mumewe nyuma yake, na mkeka mpya, akauweka miguuni pake. Kisha akafumba vidole viwili kando ya jicho, akavifumbua taratibu. Nemani akamweleza Kitione kwamba hilo ndilo jina lake sasa katika nyumba yao: Mfungua-macho. Kitione alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mkeka aliukunja, akausimamisha nyuma ya mlango, wala hakuutandika.

Mambo yangeishia hapo labda, lakini siku moja alipita karibu na kwao akamkuta Nemani juu ya paa la jiko, anang'oa bati. Akamuuliza anafanya nini. Nemani akamjibu kwamba si ni yeye aliyesema moshi? Jiko lilikuwa limeegemea nyumba, sasa linahamia kule nyuma ya mshelisheli, upande upepo unakokwenda.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Kitione akapokea bati, akalibeba. Alasiri nzima alimsaidia mtani wake kujenga jiko lisilo na sababu, na Vasiti akawaletea magimbi na samaki wa nazi.

Tangu hapo mvua ikinyesha anamkumbuka yule mama na vyungu vyake njiani. Kompyuta za watu wengine alizitengeneza kwa uangalifu mkubwa kupita kawaida, kana kwamba hilo lingesaidia.

Kisha wakaja, mume na mke, nyumbani kwake, wamevaa nguo za kanisani, na Nemani amebeba kifurushi cha mizizi ya kava, ile inayotwangwa ikawa kinywaji cha kuombea radhi. Kitione alipoiona tu akajua hawakuja kutembea. Ilibidi atandike, na mkeka wake wa zamani ulikuwa nje, umelowa. Akautoa ule wa nyuma ya mlango. Vasiti akaukalia, akaupapasa ukingo, akaona haujawahi kukaliwa.

Nemani aliweka mizizi chini, akaongea kwa sauti ya chini, bila utani hata chembe.

"Ulitupa neno, tukalivunja. Siku ile ya mvua kubwa kuni zililowa, mke wangu akainjika chungu ndani ya nyumba. Mara moja tu. Kompyuta imekufa. Kazi ya mikono yako tumeiharibu, na hatuna uso wa kukuomba tena kabla ya hili. Tunaomba jambo hili lifukiwe."

Kilichobaki ni Kitione kuigusa mizizi na kupiga makofi. Akishagusa, limefukiwa, na hakuna mwenye ruhusa ya kulifukua, hata yeye. Wangeinywa, wangetaniana, angeipuliza tena ile chipu, na hakuna ambaye angejua duniani. Mkono wake ulikuwa umeshatangulia. Ndipo akaona kifundo cha mkono wa Vasiti: alama ya kuungua, bado nyekundu. Njia ya jiko jipya ina utelezi.

Mkono ukarudi.

"Siwezi kuigusa, mtani."

Nemani akainama zaidi, akauliza kama ni ndogo. Kitione akainuka, akaleta mizizi yake mwenyewe iliyokuwa imening'inia jikoni, akapiga magoti nje ya mkeka, akaiweka mbele yao.

"Moshi haukufanya kitu. Nilijua itakufa. Niliipasha moto tu, nikawahi mechi."

Vasiti akamvuta mumewe mkono, anataka kujua kimesemwa nini.

"Mwambie," Kitione akasema.

"Mwambie mwenyewe. Mimi hilo siwezi kulibeba."

Basi akamwambia kwa mikono yake isiyojua. Akaonyesha kompyuta. Akapuliza kiganja, akatikisa vidole kama moto. Akaonyesha moshi unapanda, akaufuta kabisa. Akagusa mdomo wake, akaupindisha. Na mwisho, kwa kuwa ilibidi, akashika mpira usiokuwepo, akaurusha kando kama mchezaji anayempa mwenzake, akakimbia akiwa amepiga magoti pale pale. Kwa mtu mwingine ingekuwa kichekesho.

Vasiti akaonyesha upande wa jiko, kisha akamtazama. Kitione akatikisa kichwa. Hapana. Jiko halikuhusika.

Mama yule akaichukua mizizi yao, akairudisha kifurushini. Ile ya Kitione hakuigusa. Akaichora kompyuta hewani, akamnyooshea Kitione kidole.

"Anasema tengeneza kwanza," Nemani akasema. "Mizizi yako itakaa hapo hapo."

Jumamosi kelele za uwanjani zilimfikia kibandani, na Kitione hakuinua kichwa kwenye lenzi. Kile kipande kilitoka, hakizidi chembe ya mchanga. Aliiacha kompyuta inawaka tangu asubuhi, akaichezesha filamu mpaka ikachemka. Mvua ya mistari haikurudi.

Jumapili aliipeleka mwenyewe, na mizizi yake kwapani, na safari hii alisema yote: imekuwa nzito kidogo, kioo cha pembeni haitakubali tena, na imezeeka, siku moja itakufa, lakini haitakuwa kosa la mtu yeyote katika nyumba ile. Litiana akatokea, tumbo limejaa kioo kizima. Wakaongea mikono ikikimbizana, Vasiti analia na kucheka kwa pamoja. Baadaye binti akaonyesha nyuma ya mamaye: yule baba aliyekaa mlangoni ni nani?

Mkono wa Vasiti ulipanda mpaka kando ya jicho, ukasimama. Ukashuka. Kisha kwa mikono yote miwili akarusha mpira kando.

Litiana akacheka mpaka akashika tumbo.

"Hilo ndilo jina lako," Nemani akasema. "Usiniangalie mimi." Naye akainama, akaigusa mizizi ya mtani wake aliyokuja nayo, akapiga makofi.

Jumatatu Kitione alikuwa juu ya paa la jiko, nyuma ya mshelisheli, anang'oa bati la kwanza, peke yake. Vasiti alipita na chungu, akamwita kwa jina lake jipya, akamwonyesha kando ya nyumba mahali pa kuanzia kuchimba mashimo ya nguzo.