Mwanamume wa Miwani

Jirani ameniletea vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti, na harufu ya mafuta na wino imenirudisha Temeke, jikoni kwa mama.

Baba alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini. Jioni alirudi na magazeti ya Kiingereza ya jana yake, na mama akayatumia kufungia vitumbua vyake vya kuuza. Ukurasa wa maoni tu ndio ulikuwa wangu. Ilinibidi nichague humo maneno matano magumu, niyaandike daftarini, kisha nimweleze baba maana yake. Alitaka nifaulu kwenda sekondari.

Mama alisoma Kurani vizuri, lakini Kiingereza hakukijua. Ukurasa wangu aliutambua kwa picha ndogo ya mwandishi, mwanamume wa miwani.

"Mtu wako huyu hapa, mwanangu," aliniambia, akijifuta mikono kwenye kanga. "Nimemnusuru na mafuta."

Mara nyingi hakuwa yeye. Alikuwa marehemu fulani mwenye miwani, kwenye matangazo ya vifo.

"Ahsante, mama," nilisema, nikachukua kalamu. Nikajifunza maneno ya wajane na wafiwa, na ya waliougua muda mrefu. Baba alishangaa waandishi wa maoni walivyojaa huzuni. Mie nilinyamaza, na sekondari nilikwenda.

Wiki iliyopita niliandika tangazo la mama, kwa Kiingereza. Kaka yangu aliniuliza kama nahitaji kamusi. Nilimwambia sihitaji. Kwenye picha niliyochagua, mama amevaa miwani.