Kidole Mbele ya Jina la Babu

Usiku ule nililala mapema kuliko kuku. Nilikuwa nimeosha kidole gumba changu cha kushoto mara tatu kwa sabuni ya kufulia, na bado wino wa zambarau uling'ang'ania kwenye mistari ya ngozi. Mchana wake, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nilikuwa nimekibonyeza kidole hicho mbele ya jina la babu yangu, Mzee Malugu, ambaye tulimzika nikiwa bado nasoma chuo cha ualimu.

Nieleze ilivyokuwa, msije mkaniona mwendawazimu. Kuna kampuni inayotafuta gesi chini ya mbuga yetu. Wanataka kuipasua miamba huko chini kwa kuishindilia maji yaliyochanganywa na dawa, ili gesi ipate njia ya kutokea. Mkutano ulikuwa wa kijiji kusema ndiyo au hapana, na tulibishana tangu asubuhi. Vijana walitaka ajira. Mkunga wa zahanati alitaka umeme, amechoka kuzalisha watu kwa tochi ya simu. Mimi mwenyewe sikuwa na ugomvi na gesi, kwa kuwa mkaa umeshatumalizia miti. Mama mmoja mfugaji aliuliza mara mbili: hayo maji yenye dawa, yakishapita kwenye miamba, yanaelekea wapi, na visima vyetu viko hapo hapo? Wageni wa kampuni walimwambia swali lake ni zuri sana. Hawakulijibu.

Waliokubali walizidi kidogo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari, na nilipopitia majina ya wakuu wa kaya waliohudhuria nikakuta akidi imepungua mtu mmoja. Mkutano ulikuwa batili. Mtendaji wa kijiji akaliangalia daftari la kaya, akaona kaya ya babu haijafutwa ingawa nyumba yake imebaki gofu, akaliongeza jina lake kwenye orodha ya waliohudhuria, akanisogezea kidau cha wino.

"Mwalimu, wewe si mjukuu wake? Bonyeza hapo. Funika kombe mwanaharamu apite. Hawa wageni wametoka mbali, tutawarudishaje mikono mitupu?"

Kwetu hakuna aibu kubwa kuliko kumchosha mgeni. Wageni walikuwa wameshinda juani, mashati yamewalowa. Babu hakujua kusoma, maisha yake yote aliweka sahihi kwa kidole. Nikabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Muhtasari ungepelekwa wilayani kesho yake kwa basi la asubuhi.

Basi nikalala, nikajikuta darasani. Ni mchana mweupe, watoto wameinama wanaandika imla, nami nawasomea sentensi ambayo siielewi. Kwenye dawati la mwisho amekaa babu. Magoti yamemfika kidevuni kwa sababu dawati ni la darasa la pili. Nywele zake zina udongo mbichi. Nilijua amekufa, na nilijua kwamba watoto hawajui, na kilichonitisha kwanza ni kwamba wangegeuka nyuma.

Akanyoosha mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Mkono ule haukuwa na kidole gumba. Hapakuwa na kovu wala damu. Mahali pake palikuwa laini kabisa, kana kwamba hakuzaliwa nacho.

"Nimekuja kukifuata," alisema.

Niliogopa vibaya sana. Nikaficha mkono wangu wa kushoto nyuma ya sketi, kama mtoto aliyeiba sukari. Babu hakunigombeza. Aliinuka tu akatoka, nami nikamfuata. Nje ya mlango hapakuwa na uwanja wa shule. Palikuwa na kisima, kile alichokichimba yeye mwenyewe na ambacho mpaka leo tunachota maji yake. Babu alikuwa mchimbaji wa visima, na karibu kila ndoo inayojazwa kijijini kwetu inajazwa kwa jasho lake.

Anajaribu kujifunga kamba kiunoni na fundo linamshinda, kwa kuwa hana gumba. Ananitazama. Namfunga mimi. Nasikia ubaridi wake kupitia shati. Kisha anashuka, na kamba iko mikononi mwangu, nami nauhisi uzito wake wote.

Watu wa visima kwetu wana sheria moja, naye ndiye aliyenifundisha nikiwa binti mdogo: aliyeshika kamba hasalimii. Apite mkwe, apite padri, huitikii wala huachii mkono, na hakuna anayenuna, maana kila mtu anajua kuna roho chini. Hata ndotoni nilikuwa naikumbuka sheria hiyo neno kwa neno.

Akaja mgeni mwenye kofia ngumu, mmoja wa wale wa mkutanoni. Uso wake ulikuwa wa upole. "Habari za saa hizi, mwalimu?" Akanyoosha mkono, akaungoja wangu. Sijibu. Anaendelea kungoja. Jasho linamtiririka, mkono wake uko pale pale hewani, na aibu inanipanda mpaka masikioni. Katoka mbali, mwanaume wa watu. Nikasema moyoni, ni mara moja tu, mkono mmoja tu.

Nikampa mkono. Kamba ikanichomoka.

Nilisubiri kishindo na hakikuja. Kamba iliendelea kukimbia tu, ikiingia kisimani bila kufika mwisho, na mgeni akanitikisa mkono kwa furaha. "Tunashukuru sana kwa ushirikiano," alisema. Nilipogeuka kuitazama kamba inakotoka, nikaona inatoka kijijini. Imepita nyumba kwa nyumba. Yule mkunga amefungwa kiunoni, nyuma yake yule mama mfugaji na ndama wake, nyuma yake wale vijana waliotaka ajira, na kila fundo lilikuwa langu, nilitambua nilivyolivuta. Walikuwa wakija mmoja mmoja, kimya, kwa mpangilio, kama watu walio kwenye foleni ya maji. Wakifika ukingoni wanaingia. Hakuna aliyelia. Laiti wangelia.

Wa mwisho niliyemwona alikuwa binti yangu, Neema, na sare yake ya shule. Nikamshika mabega. Nikamwambia jivue kamba, ikate, kimbia, sijui nilisema nini. Aliniangalia kwa mshangao.

"Mama, si umeshatusemea?"

Hapo nilipiga ukelele na ukelele haukutoka. Badala yake ikatoka sauti ya babu kutoka chini, kali, sauti ambayo hakuwahi kunitolea akiwa hai.

"Nilipokuwa na pumzi sikukubali kisima chochote kabla sijajua maji yake yanatoka wapi na yanaenda wapi. Nani kakwambia nimekubali nikiwa maiti? Kanitoe kwenye karatasi. Walio hai waulize wenyewe, wajibiwe wenyewe."

Nikaamka. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeushika mkono wa mume wangu kwa nguvu mpaka akaniomba nimwachie. Nje majogoo walikuwa wameanza kuwika. Nilikwenda kwanza kumwangalia Neema. Amelala mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka. Nikarudi nikamsimulia baba yake yote, pamoja na lile la wino, ambalo nilikuwa sijamwambia.

Mume wangu ni dereva. Kampuni ile ile ilikuwa imemwahidi gari la kubebea maji. Alivuta shuka.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Neema. Na ukienda kusema, unajua kazi yangu ndiyo basi. Pengine na yako."

"Najua."

"Kwa ndoto?"

Nilimwambia kwamba naogopa, kwamba nikiwa macho naogopa kuliko nilivyoogopa usingizini, kwa sababu ndotoni mtu huamka. Aliniangalia, akashuka kitandani, akanitafutia viatu.

Mtendaji nilimkuta mlangoni mwa ofisi, bahasha kwapani, anafunga kufuli ili awahi basi. Nilimwambia palepale kwenye ngazi, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, kwamba Mzee Malugu ni marehemu, kwamba akidi haikutimia, na kwamba mkutano uitishwe upya na wageni waje na jibu la swali la yule mama mfugaji. Akageuka haraka kutazama kama kuna anayesikia.

"Mwalimu! Unajua unachokisema? Huko ni kujishtaki mwenyewe. Na mimi unanivuta."

"Ndiyo, mtendaji. Tulikuwa wawili."

Basi lilipiga honi barabarani. Alisimama pale na bahasha yake, macho yake mekundu, na nikaona kwamba kumbe naye hakulala. Honi ikapigwa tena, kisha basi likaondoka. Akafungua kufuli, akaingia, akaketi, akautoa muhtasari wenye orodha ya majina na kuuweka mezani kati yetu.

"Andika wewe," alisema. "Mimi mkono unakataa."

Wangu pia ulikuwa ukikataa. Niliushikilia kwa ule mwingine, nikakata jina la babu, na pembeni yake nikaandika jina langu kamili na kosa langu.