Gari la Yusufu Lilipokula Mafuta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia akilini kila nikisikia watu wa nyumba moja wakiitana wezi. Nilikuwa bado bibi harusi pale Arua, miaka ile ya sabini mafuta yalipokuwa adimu na watu wakipanga foleni kituoni tangu alfajiri. Mume wangu Yusufu alikuwa na duka la vitambaa na gari dogo la rangi ya maziwa. Dereva wake alikuwa mdogo wake, shemeji yangu Rajabu, kijana mpole aliyependa kuimba akiwa kwenye usukani.

Gari lile lilikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote. Mama mkwe wangu aliishi Ludara, huko Koboko, na alikuwa na kidonda mguuni. Kila wiki Rajabu alimleta hospitali ya Arua kusafishwa, kisha akamrudisha. Mwanzo tangi likijaa lilitosha safari hiyo na shughuli za duka. Baadaye likaanza kukauka kabla ya wiki kwisha. Mama akakosa zamu yake hospitalini, kidonda kikaanza kunuka.

Yusufu akakasirika. Alasiri moja, dukani, mbele ya wateja na majirani, alimwambia mdogo wake, "Mafuta inaenda wapi? Gari iko moja, dereva iko moja! Wewe nauzia watu wa mpakani."

"Kaka, mimi hapana uza mafuta ya nyumba yetu," Rajabu alisema. Kisha akaingia ndani akaanza kukunja nguo zake. Alisema anakwenda Kongo kutafuta kazi, na hatarudi.

Nilimfuata Yusufu uani. Sikumwambia kwamba amekosea, maana hata mimi sikujua ukweli. Nilimwambia tu, "Kesho jaza tangi wewe mwenyewe, twende Ludara sote watatu. Kama mafuta yanauzwa njiani, tutaona yanauzwa na nani." Alikubali. Rajabu naye nikambembeleza aendeshe safari hiyo moja, kwa ajili ya mama yake.

Basi tukaondoka, Yusufu mbele kando ya dereva, mimi nyuma. Rajabu hakuimba. Hatukusimama popote ila kuwapisha ng'ombe. Tulipofika Ludara, Yusufu aliinama kuangalia mshale wa mafuta. Ulikuwa umeshuka vilevile kama siku zote.

Mama mkwe alitoka akichechemea, akawatazama wanawe. Mama hafichwi jambo. Aliuliza, akaambiwa. Akamgeukia mkubwa.

"Yusufu, wewe ilifungua hii gari, ikaangalia ndani?"

"Bado, mama."

"Bado. Lakini jina ya ndugu yako wewe iliharibu tayari, mbele ya watu."

Tulipokuwa tunapakia mihogo, mama aliketi kwenye kigoda karibu na tairi la nyuma akisubiri. Ghafla akauondoa mguu wake mgonjwa. "Mbona huku iko moto kama jikoni?"

Rajabu alisogeza kiganja karibu na chuma cha gurudumu, akakirudisha haraka. Akaenda upande wa pili: vuguvugu tu. Hapo ndipo ndugu wale walipozungumza kwa mara ya kwanza siku hiyo. Walizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, wakaachia breki ya mkono, wakainua nyuma kwa jeki. Gurudumu la upande wa pili lilizunguka kwa kidole. Hili la moto lilikataa hata kwa mikono miwili. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu na vumbi, hivyo ukiachia, breki haiachii. Miezi yote ile gari lilikuwa likienda huku limeshikwa, kama mtu anayetembea na mzigo wa kuburuta. Yusufu aliingia chini yake mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, akalegeza ule waya mpaka gurudumu likazunguka.

Mama alifikishwa hospitali siku hiyohiyo.

Kesho yake hawakuridhika na kosa moja. Walifungua chujio la hewa, likatoka limejaa vumbi jekundu la barabara ya Koboko; gari lilikuwa halipumui. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi, dalili kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Wakafuata waya wa choki, ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha injini, wakakuta haurudi mpaka mwisho. Wakasafisha, wakatia mafuta ya kulainisha, wakajaza upepo tairi zilizolegea. Halafu wakajaza tangi na kurudia njia ileile, kwa mwendo uleule. Mara hii kilichobaki kilikuwa kingi mno hata Yusufu akagonga kioo cha mshale akidhani umekwama.

Kutengeneza gari kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa dukani. Yusufu aliwaita majirani walewale, akasimama mbele yao. "Rajabu hapana mwizi. Mimi ndiyo ilikosa." Basi. Rajabu alimshika mkono, akarudi kwenye gari. Ilichukua muda mrefu kabla hatujamsikia akiimba tena, na mimi nilikuwa nikitega sikio kila asubuhi.

Lakini alibaki. Mwaka wa vita, sabini na tisa, serikali ilipoangushwa nasi tukakimbia na mafuta hayapatikani kwa namna yoyote, ni yeye aliyetupitisha Ludara kumchukua mama, akatuvusha mpaka kuingia Sudan kwa yale tu yaliyokuwemo ndani ya tangi.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Gari likila sana, pima kwanza: jaza, tembea njia unayoijua, jaza tena. Gusa magurudumu, tazama chujio, plagi, choki na upepo. Uyamalize hayo yote kabla hujamtazama mtu kwa jicho baya. Na kama umemchafua mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani.

Mungu akupe mkono mwepesi kwenye kazi na ulimi mzito kwenye hasira, na safari zako zote zikufikishe kwa watu wanaokungoja.