Makaburi kwenye Ukurasa wa Saba

Shangazi yangu huchana picha. Sisemi anatishia, anachana kweli, vipande vinne, mbele ya macho ya aliyezichora, halafu anaulizia chai.

Anachora vitabu vya watoto, nyumbani kwake Mbinga, na kabla hajatuma kitu kwa mchapishaji hukipeleka kwa watoto wa darasa la kwanza wasiomjua. Anawaonyesha ukurasa mmojammoja, hauna maneno, anauliza, "Kuna nini hapa?" kisha ananyamaza. Watoto wakipotea, ukurasa umekwisha. Haelezi wala hasaidii.

"Nikieleza hapa," husema, "nani atawaeleza huko kwao?"

Likizo ya mwezi wa sita, shule za msingi zikiwa bado hazijafunga, kifundo cha mkono wake kilivimba, akanipa mimi ukurasa wa saba. Mimi, wa kidato cha tatu, ninayejulikana shuleni kwa kuchora walimu wenye mikia! Kitabu kilimhusu msichana wa ziwani anayemkimbizia bibi yake samaki kabla hajaharibika. Ukurasa wa saba, anakatiza shambani.

"Ukipita, kitabu kijacho tunachora wawili," Shangazi alisema. "Usipopita, rudi kwenye mikia yako."

Nilichora siku tano. Sikuweka mkia popote, hata pale mbuzi alipostahili.

Ijumaa tukateremka mpaka shule moja ya ufukweni, mbele kidogo ya Mbamba Bay, mkoba wa picha nimeupakata kama mtoto mchanga.

"Shikamooni wageni!"

"Marahaba. Kaeni."

Ukurasa wa kwanza mpaka wa sita, kelele tupu. "Mbasa! Huyo samaki mbasa!" Wa saba ulipoinuliwa, darasa likatulia.

"Kuna nini hapa?"

Mtoto mmoja mwenye pengo akasema, "Makaburi."

Nilicheka. Ningekuwa yeye, ningesema hivyohivyo kumkera mgeni. Ila hakuna mwenzake aliyecheka.

"Bibi amekufa?" msichana wa mbele aliuliza.

"Na majirani. Ona yalivyo mengi."

"Sasa samaki atapewa nani?" Huyu sauti ilishaanza kukatika.

Ndipo nikaitazama picha yangu. Nilikuwa nimechora ngolo, yale mashimo ya kulimia ya kwetu milimani, yaliyopangwa mteremko mzima, udongo umeinuliwa kila ukingo. Nimezaliwa Matiri, kwangu shamba ni hivyo. Nilijisifu siku tano kwamba nabuni, kumbe nakopi mteremko wa mama yangu na kuupeleka ziwani kwenye mchanga. Na Shangazi, Mmatengo mwenzangu, aliukagua ukurasa ule mara mbili akasema safi!

Vidole vyake vilikuwa tayari ukingoni mwa karatasi.

"Shangazi, hata wewe hukuona!"

Mwalimu wa darasa akakohoa. Kwetu mtu hamfokei shangazi yake mbele za watu, tena darasani. Karatasi ikachanika. Mara ya pili. Vipande vinne.

"Kweli, sikuona," alisema. Akaweka karatasi nyeupe mezani na kunivutia kiti. "Bahasha ya mchapishaji inapanda basi kesho alfajiri. Watoto hawa wanatoka saa sita. Sasa hivi ni saa nne na nusu."

Nilikandamiza penseli mpaka ikavunjika. Watoto wakanizunguka, pumzi za uji shingoni.

"Shamba la bibi yenu likoje?" niliwauliza.

"Muhogo!"

"Mrefu kunipita!"

"Dada, huo si muhogo, huo mwavuli."

Nikafuta. Nikachora tena, wakakataa tena. Saa tano ikapita. Yule wa pengo akasema, taratibu, kama anayenionea huruma, "Ukiwa kwenye muhogo huonekani. Unasikika tu unavyopita."

Kisha nikamfuta msichana wangu, uso wote na gauni, nikabakisha mguu mmoja na mkia wa samaki, vinachomoza kwenye majani. Shangazi aliona. Katika vitabu vyake vyote hajawahi kuficha uso wa mtoto. Tukapuliza rangi ikauke, darasa zima, na mate machache yakadondokea kwenye anga la picha. Nikayaacha.

Watoto hawa Shangazi hakutaka kuwauliza, jibu walikuwa nalo. Akaomba mkondo wa pili wa darasa la kwanza. Wakaingia, wakaonyeshwa sita za mwanzo, kisha ya saba.

"Kuna nini hapa?"

"Hakuna mtu," mmoja alisema.

Vidole vya Shangazi vikashika ukingo. Nilitazama sakafu.

"Yupo." Kasichana kadogo kalikuwa kameinuka, kamegusa mkia wa samaki. "Huyu hapa."

"Amejificha?"

"Hajajificha, anakimbia. Ona mguu. Bibi anamsubiri."

"Atachelewa huyo," akasema wa nyuma, na wote wakasogea kuona ukurasa wa nane.

Shangazi aliachia ukingo. Akauweka wangu katikati ya wa sita na wa nane, akafunga mkoba.

"Kitabu kijacho," alisema bila kunitazama, "miguu nachora mimi."