Mwalimu Anayezijua Grafu kwa Tabia

Mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili ana mikono mikubwa ya mkulima, na chaki ikiwa humo huonekana kama punje ya mchele. Sauti yake ni ya chini na haipandi hata darasa likivuma. Grafu kwake ni watu. Ule mstari uliolala anauita mjomba: "Huyu hata umwambie nini, jibu lake ni lilelile." Unaopanda bila kusimama, lakini kwa mwendo unaozidi kupungua, ni nyanya anayekwea vilima vya Iveti. Wasichana wa darasa lake hucheka, naye huendelea kuandika, uso mkavu.

Jumatatu aliwapa fumbo: nambari ya tarakimu mbili ambazo jumla yake ni tisa, ukiigeuza, tarakimu ya nyuma ikaja mbele, inapungua kwa ishirini na saba. Akaanza kulifumbua mwenyewe, milinganyo ikajaza nusu ya ubao. Kasyoka, ambaye hakuwa ameinua mkono tangu alipochekwa kidato cha kwanza, akauinua.

"Ni sitini na tatu, mwalimu. Ukigeuza nambari, tofauti huwa ni tisa mara pengo la tarakimu. Ishirini na saba ni tisa mara tatu, kwa hivyo zimepishana kwa tatu. Na jumla ni tisa, basi ni sita na tatu."

Mwalimu akafuta milinganyo yake yote, akamwita Kasyoka mbele na kumpa chaki, akaenda kuketi kwenye dawati la msichana huyo.

"Njia yako ni fupi kuliko yangu," alisema. "Andika polepole, nami ninakili."

Kasyoka akasimama wima, akaandika kwa herufi kubwa.